Mishipa ya Damu, Si Mshipa

Habari ya kifo cha kaka yangu niliipata kwa kinyozi, kama habari nyingine zote za mtaa ule. Nilikuwa kazini, kwenye tanuri la mikate, mikono yote miwili imezama ndani ya unga, simu ikalia mfukoni mwa aproni. Mwenzangu akaichomoa, akaniwekea sikioni.

"Dada, umekaa au umesimama?"

"Nimesimama. Nakanda."

"Basi kaa."

"Sema bwana, nina unga mpaka viwikoni."

Akanyamaza. Nimemjua kinyozi huyu tangu hajaota ndevu za kunyoa, na sikuwahi kumsikia akinyamaza. Hapo nikajua. Nikasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," kabla hajatamka lolote, naye akaitikia taratibu, kisha akapata sauti yake.

"Wifi yako ameshindwa kupiga simu. Nikasema acha nikusaidie kuisema."

Hata hilo alitaka kuwa wa kwanza kulisema. Nikanawa mikono, unga ukakataa kutoka kwenye kucha, nikaenda hivyo hivyo.

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mkato, kwa sababu ya suruali zake. Alishona suruali nyembamba, zenye mstari wa pasi ambao ungeweza kukatia karatasi, na aliamini kwamba suruali pana ni dharau kwa miguu aliyoiumba Mungu. Mtu akipita barabarani, kaka alikuwa hamtazami usoni. Alimtazama kuanzia kiunoni kwenda chini, halafu anasikitika. "Yule amevaa hema," anasema. "Kuna watu wawili mle, mmoja bado hajatoka."

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili. Mlango wa mbele ulitazamana na kibanda cha kinyozi, na katikati palikuwa na njia tu na benchi la wateja wa kunyolewa, ambao wengi wao hawakuwa na nywele za kutosha kuhalalisha muda waliokaa pale. Ndani palikuwa na cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia, chaki, vipande vya vitambaa vilivyofungwa kama mizigo ya safari, na mkeka wa kuswalia uliokunjwa chini ya meza. Adhana ikilia, sindano ilibaki imesimama katikati ya mshono. Wateja walizoea.

Alikuwa na majivuno, sitaficha. Mteja akija na picha ya suruali kwenye simu, kaka aliirudisha simu bila kuitazama. "Huyo kwenye picha simshonei. Geuka nikupime." Lakini alikuwa na jambo moja ambalo nilichelewa kuligundua. Alipompima mtu kiuno, alikitaja kipimo kwa sauti ili akiandike kwa chaki, na sauti hiyo ilifika kwenye benchi. Kwa wenye matumbo makubwa alitaja kipimo kidogo kuliko kile kilichokuwa kwenye futi. Kisha alikata kwa kipimo cha kweli. Suruali ikitoka, inamkaa mtu vizuri, na mtu anatembea kifua mbele akiamini ni mwembamba. Nikamuuliza, "Kaka, huo si uongo?" Akasema, "Huo ni upindo wa ndani. Haupaswi kuonekana."

Ugonjwa ulimwanzia puani. Pua ilikauka, ikatoa magamba na damu, damu ikadondokea kitambaa cha watu. Akalaumu vumbi la sufu. Miguuni pakatokea madoa ya zambarau kama mtu aliyemwagikiwa na wino. Akalaumu rangi ya vitambaa. Nyayo zikashikwa ganzi. Akalaumu pedali ya cherehani. Mtu akiwa na kazi, haishiwi cha kulaumu. Kisha siku moja akatoka chooni akiwa amekunja uso, akamuuliza mkewe:

"Nani kamwaga sabuni chooni?"

"Hakuna aliyemwaga sabuni."

"Mbona pana povu?"

 Kesho yake wifi yangu akaenda mwenyewe kutazama kabla maji hayajamwagwa, akaona povu, na chini ya povu rangi ya chai isiyo na maziwa. Akanipigia simu. Nikasema kaka aende hospitali leo, si kesho. Akaenda, kwa sababu suruali yake nyeusi ilikuwa imeanza kugoma kupita kwenye vifundo vya miguu, na hilo lilimuuma kuliko mkojo.

Sasa nieleze jambo lililotuua sote, yeye kwa maradhi na sisi kwa aibu. Ni neno. Katika lugha yetu neno mshipa linafanya kazi nyingi kwa mshahara mmoja. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa unakuvuta shingoni ukilala vibaya. Mshipa wa aibu ni ule ambao watu wa benchi lile walikatwa utotoni. Na mtu mzima mwanamume akisemwa kwamba "ana mshipa", bila maelezo, kila mtu anaelewa ni uvimbe wa mahali pasipotajwa mbele ya wakwe.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye haraka. Alimfungulia kaka mlango wa chumba chake, majibu ya vipimo mkononi, akasema pale pale kwenye korido:

"Baba, tumejua sasa. Ugonjwa wako ni wa mishipa. Ingia tuzungumze."

Akafunga mlango. Kwenye foleni ya korido alikuwepo kinyozi, shavu limevimba kwa jino. Anasema mwenyewe kwamba jino liliacha kumuuma papo hapo.

Laiti angesikia yaliyosemwa ndani! Daktari alimweleza kaka kwamba mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. "Wako wamechanganyikiwa, baba. Wanawapiga wenye nyumba. Wameshambulia mishipa midogo ya damu, imevimba kwa ndani, na mishipa midogo kabisa ni ile ya kwenye figo. Ndiyo maana damu na protini vinapita kwenye mkojo. Tukiwahi, figo zinapona. Tukichelewa, hazirudi."

"Askari wanapiga wenye nyumba," kaka alinisimulia jioni ile, akicheka. "Nikamwambia, binti yangu, hilo si jambo geni."

Akapewa vidonge vya kuwatuliza askari, na dawa ya dripu ya kurudia kila baada ya wiki kadhaa. Daktari akamsisitizia, baada ya dripu anywe maji mengi sana na aende haja mara kwa mara, kwa sababu dawa ile ikikaa kwenye kibofu inakichoma mpaka kinatoa damu. Kaka akaitikia. Aliona ni jambo dogo. Kunywa maji na kukojoa, nani hajui?

Aliporudi mtaani, habari ilikuwa imeshapata kiti na kukaa.

Kinyozi anaapa mpaka leo kwamba hakueneza umbea. "Mimi nilisema tu, Fundi ana mshipa, tumwombee dua." Na kweli, iliombwa. Nimeishi kwenye mitaa mingi, nimeona umbea ukiingia kwa mlango wa nyuma ukakamatwa. Lakini umbea uliovaa kanzu hupita mlango wa mbele na kukaribishwa. Watu waliokuwa hawajaomba dua tangu mwaka uliopita waliulizana kwa huruma, "Ni upande mmoja au pande zote?"

Kisha miguu ikavimba, na Mkato, adui wa hema, akajishonea suruali pana.

Hebu fikiria. Mtaa umesikia mshipa. Mtaa unamwona Mkato amevaa suruali ambayo upepo unapita ndani bila kupiga hodi. Na kwa ganzi ya nyayo anatembea ametanua miguu kidogo, akitafuta ardhi. Benchi halikuhitaji daktari. Mmoja akasema, "Lisemwalo lipo." Mwingine akamalizia, "Na kama halipo, laja." Methali hii ndiyo hati ya kusafiria ya kila mwongo. Lililopo lipo, na lisilokuwepo linasubiriwa kwa hamu.

Vidonge vikaumua uso wake ukawa wa mviringo, mashavu yamejaa. Kinyozi akamnyoa, akamtazama kwenye kioo kwa masikitiko, akamwambia:

"Fundi, usiposhughulikia, huwa unapanda."

"Nini kinapanda?"

"Aa, mimi sisemi kitu. Lakini sasa umefika mashavuni."

Kaka alisimama na povu la sabuni upande mmoja wa kidevu, akavuka njia, akaingia dukani kwake hivyo hivyo. Wiki ile akaletewa chupa ya mizizi, anwani ya mtu anayekata mshipa bila maumivu, na ushauri wa kulala chali. Chupa aliimwaga mtaroni, nashukuru, maana daktari alishamkataza dawa za kubahatisha.

Kuna methali: mficha maradhi, kilio humfichua. Kaka yangu aliisoma shuleni kama sisi wote, akaamua kwamba yeye hatakuwa mfano wake. Akachukua ubao aliokuwa akiandikia bei, akaufuta, akaandika kwa chaki yake ya kukatia, kwa herufi kubwa zilizonyooka kama mishono yake:

FUNDI ANAUGUA MISHIPA YA DAMU, SI MSHIPA. KARIBUNI.

Akauweka nje ya mlango wa mbele, akarudi kwenye cherehani moyo mweupe. Nilikuwepo, nimemletea mkate. Wa kwanza kuusoma alikuwa mzee mmoja wa benchini, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisoma kwa sauti, polepole, akidonoa maneno.

"Si... mshipa. Mishipa." Akawageukia wenzake. "Jamani! Si mmoja! Iko mingi!"

"Na inatoa damu," kinyozi akaongeza kwa huzuni ya kweli.

Nilicheka. Namwomba Mola anirehemu, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wifi yangu naye akacheka, amejifunika mtandio usoni. Kaka peke yake hakucheka. Alitoka, akauchukua ubao, akaugeuza uso ukutani, na tangu siku ile hakutaka kuuona.

Lakini kilichomuua si ubao. Ni choo.

Duka halikuwa na choo chake. Choo kilikuwa cha pamoja, nyuma ya kibanda cha kinyozi, na njia yake ilipita mbele ya benchi kama bwana harusi anavyopita mbele ya wageni. Kabla ya ugonjwa hakuna aliyeijali njia ile. Sasa, baada ya kila dripu, mtu aliyeambiwa anywe maji na aende haja mara kwa mara alipaswa kupita pale kutwa nzima, na kila akipita mazungumzo yalikatika, macho yakashuka pamoja kuanzia kiunoni kwenda chini. Vile vile alivyokuwa akiwatazama wao.

"Kaka, mbona chupa ya maji imejaa?" nilimuuliza.

"Nikinywa nitakwenda."

"Nenda."

"Nikienda wananitazama mwendo."

"Waache wakutazame! Macho hayatoboi."

"Wewe hujawahi kutazamwa mwendo, dada."

"Mimi ni mwanamke, kaka. Nimetazamwa mwendo tangu nina miaka kumi na tatu. Kunywa maji."

Akanywa glasi moja, kwa heshima yangu. Wifi akamshauri abaki nyumbani siku za dripu. Akakataa, akisema fundi akifunga duka watu watasema mshipa umemlaza. Kila alilofanya lilikuwa na jibu benchini, na jibu la benchi alikuwa analijua yeye kabla ya benchi.

Hivyo akaanza kunywa maji kwa kijiko. Baada ya dripu nyingine mkojo ukatoka mwekundu, unachoma kama pilipili. Kilikuwa kibofu, kama daktari alivyoonya. Kaka hakumwambia daktari. Alidhani dawa ndiyo imemwongezea maradhi, akaiacha. Akaacha na vidonge, ili uso upungue. Akaniambia kwa utulivu wa mtu aliyepata mbinu, "Nikikaa muda bila kwenda hospitali, watasahau. Wakishasahau, nitarudi taratibu."

"Na figo?"

"Zitasubiri kidogo."

Figo hazisubiri mtaa umalize mazungumzo. Nilimsihi, nikamletea imamu akamkumbusha kwamba mwili ni amana na kwamba Mungu hakuteremsha maradhi bila dawa. Kaka akaitikia, "Ni kweli, sheikh," akamsindikiza mpaka mlangoni, na benchi likasema, "Mpaka imamu kaitwa. Basi mkubwa."

Uso ulipungua, kweli. Kwa siku chache alionekana kama zamani, akajaribu suruali yake nyembamba, ikapita, akazunguka chumba akijitazama kwenye kioo cha wateja. Wifi anasema aliswali shukrani. Kisha miguu ikajaa tena haraka, pumzi ikambana, akatapika, mkojo ukapungua mpaka ukawa wa kunyunyiza. Tukambeba.

Hospitali wakamweka kwenye mashine ya kuchuja damu. Mipira miwili, mmoja unatoa, mmoja unarudisha. Alikuwa anaitazama ile mashine kwa heshima ya fundi kwa chombo cha fundi mwenzake. Yule daktari binti akaja, akasimama miguuni pa kitanda. Hakuwa na haraka siku hiyo.

"Baba, tulikuwa tunaenda vizuri. Kwa nini uliacha dawa?"

"Mshipa," kaka akasema.

"Mishipa, ndiyo. Ndiyo tulikuwa tunaitibu."

"Hapana, binti yangu. Mishipa ni wewe uliyeiona. Mimi ninakufa kwa mshipa. Huo wa umoja."

Binti hakuelewa. Akanitazama mimi. Nikashindwa kumweleza, kwa sababu nilikuwa nacheka na kulia pamoja, na kaka ananitazama kwa ushindi, kama mtu aliyefanikiwa kumalizia pindo gumu.

Alikaa kwenye mashine zile majuma kadhaa. Mapafu yakaanza nayo kuvuja damu. Akafa asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono, akiwa ameshatamka shahada. Kinyozi alikuwa amefika hospitali kumjulia hali, amebeba machungwa. Ndivyo ilivyotokea kwamba simu ilitoka kwake.

Maiti ikaletwa nyumbani. Mwenye kuosha maiti za wanaume mtaani kwetu ni nani? Ni kinyozi. Ana mkono mwepesi, hilo hata adui yake hakatai, na anafanya bila malipo kwa ajili ya Mungu. Watu wakatuangalia mimi na wifi, wakangoja.

Mimi nilikuwa tayari kukataa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Wifi yangu akanishika mkono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka benchini:

"Mwacheni aingie. Aende akaone."

Akaingia na wawili wengine. Mlango ukafungwa. Tulisikia maji tu, yakimwagwa kidogo kidogo, bila haraka. Alipotoka, mikono ya kanzu ilikuwa imeloa mpaka begani, na uso wake umeloa vile vile, si kwa maji ya kuoshea. Alipita mbele yangu akasimama. Akafungua mdomo. Nikaona neno likimjia hadi menoni. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba kaka yangu alikuwa kama Mungu alivyomuumba, mzima, hana hata uvimbe wa mbu. Akafunga mdomo. Anayeosha maiti hasemi alichokiona, wala kizuri wala kibaya. Hayo alifundishwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliamua kushika alichofundishwa.

"Dada," alisema, "nisamehe."

Akaenda kusimama na wanaume. Nikiwa dirishani niliwasikia wakimzunguka.

"Vipi? Ulikuwaje?"

Kimya.

"Yaani mkubwa kiasi hicho?"

"Jamani, mimi nilikosea," kinyozi akasema. "Sikuelewa. Nilikosea tangu mwanzo."

Wakaangaliana. Yule mzee wa miwani ya uzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnaona? Anamsitiri mwenzake. Huyu ni muungwana kweli."

Hapo nikaacha. Kuna mambo ambayo binadamu hatayaweka sawa, atayaweka sawa Yeye siku ya kuweka sawa. Aliyetumia maisha yake kupunguza viuno vya watu ili wasichekwe, Mola anakijua kipimo chake cha kweli.

Tuliruhusiwa kumwona. Alikuwa amevishwa sanda, kitambaa cheupe kisicho na mshono hata mmoja, wala mfuko, wala pindo. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa mwembamba. Watoto wake wakamuaga, kisha wifi, akamwambia neno sikioni ambalo sikuliuliza. Mimi nikamwambia, "Kaka, Mungu akulaze pema." Bado nilikuwa na unga kwenye kucha, nikaogopa kumgusa sanda, nikamgusa paji la uso kwa nyuma ya mkono.

Wakamfunika. Wanaume wakaliinua jeneza, kinyozi ameshika mbele kulia. Wakalipitisha mbele ya duka, mbele ya kibanda, mbele ya benchi. Benchi lilikuwa tupu, wote walikuwa wanabeba. Tukasimama mlangoni, sisi wanawake, mpaka walipokata kona na sauti zao zikapungua. Kisha wifi akafunga mlango wa mbele wa duka, mimi nikafunga wa nyuma.